Mwavuli au koti, buti au gambuti: begi la siku tatu Usambara

Shemeji yangu anaishi Mbezi, Dar es Salaam, na kiyoyozi cha ofisini kwao kikishuka nyuzi 22 huvuta khanga akajifunika mabega. Ndiye huyohuyo aliyeniandikia kwamba mwisho wa Novemba yeye na wenzake wanne wa kazini watatembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae, kwenye milima ya Usambara, siku tatu. "Shem, nibebe nini?" Nikamjibu kwamba inategemea. Akanirudishia alama tatu za kuuliza.

Basi jibu lenyewe ni hili, na nimeliandika kwa urefu kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza. Njia hiyo nimeipita mara nne. Mara mbili nililowa chapachapa, na mara moja nilimaliza safari nikiwa na kiatu kimoja na nusu. Hilo la kiatu nitalifikia.

Kwanza, hewa yenyewe

Mombo, pale unapoiacha barabara kuu ya Arusha, ni kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Kosta inapanda zile kona za Soni, kilomita 33 hivi, inakushusha Lushoto kwenye mita 1,400 au karibu na hapo. Kwa wastani, kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kabla hujapiga hata hatua moja, nyuzi sita umeshaziacha Mombo pamoja na wauza machungwa, na msitu wa Magamba bado uko juu yako.

Kinachofanya hali ibadilikebadilike ni umbo la milima. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu, unagonga safu hii, unalazimika kupanda, unapoa, unayamwaga maji yake. Miteremko inayotazama bahari ndiyo inayonyeshewa. Ukivuka kwenda kaskazini magharibi, Mambo na Mtae, unasimama kwenye ukingo wa jabali na chini yako imelala nyika kavu ya Mkomazi. Yaani katika siku mbili utatokwa jasho kwenye mashamba ya kabichi, utalowa msituni, kisha utatetemeka ukingoni kwa upepo huku jua linakuwakia usoni. Hata ile methali ya dalili ya mvua ni mawingu huku haikusaidii kitu, kwa kuwa wingu lenyewe ndilo unalotembea ndani yake. Nywele zinalowa kabla hujaona tone.

Masika, Machi mpaka Mei, udongo mwekundu unageuka sabuni; wakati huo sipapendekezi kwa mtu wa mara ya kwanza. Juni mpaka Agosti mvua ni haba lakini usiku una baridi ya kuuma. Novemba aliyoichagua shemeji ni vuli: asubuhi jua, saa nane ngurumo, jioni nyota. Ni mwezi mgumu kuliko yote kufungashia, maana lazima ubebe vya hali zote tatu.

Kipimo cha beseni

Watu wengi hulinganisha vifaa kwa bei, kwa jina la kiwanda, au kwa jinsi mtu anavyotokea kwenye picha. Mimi nina swali moja tu la kuuliza kila kitu kabla hakijaingia begini: kikilowa, bado kina kazi? Utalowa. Koti liwe zuri namna gani, utalowa kwa mvua au kwa jasho. Kwa hiyo kifaa ninakipima kikiwa kimelowa.

Jioni moja niliamua kufanya jaribio la kitoto. Niliweka vitu vinne kwenye beseni la kufulia: suruali ya jinzi, fulana ya pamba, jezi ya mpira ya polista, na sweta lile jepesi la manyoya ya polista ambalo vijana wa mlimani huliita flisi. Nikavikamua kwa mkono, nikavianika barazani kivulini. Jezi ilikauka kabla sijamaliza kula na kuosha vyombo. Flisi iliamka kavu. Fulana ya pamba asubuhi ilikuwa bado ina ubichi makwapani. Jinzi sikuamini: kesho yake jioni mshono wa kiunoni ulikuwa mbichi kabisa, na ilipokuwa imelowa uzito wake ulikuwa wa kubeba kwa mikono miwili.

Sababu si uchawi. Uzi wa pamba unayanywa maji mpaka ndani, na maji yale yanakunyonya joto la mwili unapotembea nayo. Polista haifikishi hata asilimia 1 ya uzito wake kwa maji yanayoingia ndani ya uzi wenyewe. Mengi yanakaa juu juu na kudondoka. Sufu ni ya ajabu zaidi: inaweza kubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake na bado ukahisi imekauka, tena joto inalihifadhi.

Sasa kati ya flisi na sweta la sufu, lipi? Hapa hakuna mshindi wa moja kwa moja. Flisi ni nyepesi, inakauka haraka, na kwenye mitumba imejaa tele. Ila upepo unapita ndani yake kama kwenye chandarua, hivyo ukingoni Mtae peke yake haitoshi. Tena ukikaa jikoni kwa mwenyeji wako karibu na mafiga, cheche moja inaitoboa. Sufu inastahimili cheche na hainuki hata ukiivaa siku tatu, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu jezi ya polista (wenzako wa kosta watathibitisha). Lakini sweta la sufu likilowa kweli linakuwa zito, na kulianika Usambara mwezi wa Novemba ni kazi ya siku mbili. Mimi naenda na flisi ya kuvaa na soksi za sufu za kulalia. Shemeji, kwa jinsi ninavyomjua, abebe flisi mbili.

Makoti yale yaliyovimba ya manyoya ya bata yanavutia sana, na wauzaji wa mitumba wanajua. Yakiwa makavu hayana mpinzani kwa joto na wepesi. Yakilowa, manyoya yanagandana mabonge mabonge na koti linabaki vitambaa viwili vitupu. Kwa mlima mkavu wenye baridi kali, sawa. Kwa msitu wa ukungu, chukua lile lililojazwa nyuzi za kiwandani, hata kama ni zito kidogo. Namna ya kulitambua ni kulibinya: la bata mara nyingi utahisi vijiti vidogo vya unyoya na wakati mwingine kimoja kitachomoza kwenye mshono.

Nimeitukana pamba, lakini khanga haimo. Khanga ni pamba, ndiyo, ila ni nyembamba na inakauka ukiifunga nje ya begi saa moja ya jua. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kilemba cha jua, na mkono ukiteguka ni kitanzi cha kuutundikia. Ukiilinganisha na taulo halisi, taulo haliambui kitu. Shuka la kimasai nalo ni zuri la kujifunika usiku kwenye nyumba ya wageni, lakini mvua ikilipiga njiani unakuwa umebeba zulia.

Cha kuzuia mvua

Hapa ndipo watu wanapogombana, kwa hiyo nimeweka jedwali. Nimelinganisha vitatu vinavyopatikana kirahisi. Poncho ni lile vazi pana la mvua lisilo na mikono, unaloliingiza kichwani.

| | Mwavuli | Poncho | Koti la mvua |
|---|---|---|---|
| Msituni, mvua inashuka wima | Bora kuliko vyote | Nzuri | Unalowa kwa jasho |
| Ukingoni, mvua ya upepo | Unageuka bakuli | Inapepea usoni | Bora kuliko vyote |
| Begi mgongoni | Nusu linalowa | Linafunikwa lote | Linataka kinga yake |
| Kushuka mteremko | Mkono mmoja umeshikwa | Huoni unapokanyaga | Huru kabisa |
| Jua kali la saa sita | Kivuli cha kutembea nacho | Hapana | Hapana |

Najua wapenda milima watacheka kuona mwavuli uko kwenye safu ya kwanza. Wacheke. Tazama akina mama wa Kisambaa wanaotoka sokoni Lukozi na mzigo kichwani: utaona mwavuli, na wao wamepita njia hizo maisha yao yote. Chini ya mwavuli hewa inapita, jasho linakauka, na unaweza kusimama ukafungua begi bila kila kitu kunyeshewa. Kasoro zake ni mbili. Upepo, na radi. Ngurumo ikisikika ukiwa kwenye mgongo wa mlima ulio wazi, ufunge, uteremke upande ulio chini, usisimame chini ya mti ulio peke yake, na usubiri.

Poncho nimeivaa safari moja. Faida yake kubwa ni kwamba begi nalo linajificha ndani, na kwa kuwa iko wazi pembeni hupikwi kwa joto lako mwenyewe. Lakini ile ngazi ya udongo waliyoikata wakulima kushuka mashambani nilishuka kwa kubahatisha, kitambaa kimefunika magoti na sioni vidole vyangu. Nilianguka mara mbili, moja mbele ya watoto wa shule. Sijarudia.

Koti la mvua lina ndugu wawili wasiofanana. La kwanza ni renkoti la bodaboda, suti ya plastiki ya koti na suruali. Halipitishi tone, halipitishi na jasho. Ukipanda nalo nusu saa unakuwa umelowa kutoka ndani, na ukisimama ule unyevu unapoa. Kukaa juu ya pikipiki ni jambo moja, kupanda mlima kwa miguu ni jingine. La pili ni koti lenye utando unaozuia maji na kuruhusu mvuke kutoka, Gore-Tex na mengine ya aina hiyo. Jipya lina bei ya kutisha. Kwenye mitumba linaonekana, na hapo ndipo inabidi uwe na jicho.

Namna ninavyolikagua koti la mtumba ni hii. Ligeuze nje ndani kwanza, kabla hata ya kuuliza bei. Mishono yote ya ndani inapaswa kuwa imezibwa kwa utepe mwembamba. Utepe ukiwa umebanduka, au kitambaa cha ndani kikiwa kinamenyuka kama ngozi iliyoungua jua, rudisha. Hakuna fundi atakayekutengenezea. Pili, nuse. Harufu ya uchachu inayokaribia ile ya matapishi maana yake tabaka la ndani limeshaanza kuoza. Tatu, mwagia kifuniko cha maji begani. Maji yakiviringika kama shanga, umepata. Yakitandaa na kitambaa kikapiga weusi lakini ndani bado pakavu, dawa ya juu ndiyo iliyoisha, nayo inaweza kurudishwa; omba upunguziwe bei kwa sababu hiyo. Yakipenya mpaka kwenye kiganja chako upande wa ndani, mwachie mwenyewe. Mwisho jaribu zipu mara tano, siyo mara moja.

Sasa nimchagulie shemeji. Njia ya Lushoto mpaka Mtae ina vijiji, shule, makanisa na misikiti. Hukai muda mrefu bila kuona paa la kujibanza. Kwa njia ya namna hiyo, kama huna koti zuri tayari, usinunue. Chukua mwavuli mfupi ulio imara, ongeza jaketi jepesi la nailoni la kuzuia upepo, lile linalokunjika likaingia mfukoni mwake. Mwavuli wa msituni, jaketi la ukingoni. Vyote viwili pamoja vina uzito mdogo kuliko renkoti la bodaboda.

Miguuni

Nilikuwa nimeahidi habari ya kiatu. Nilinunua buti za ngozi kwenye mtumba, nzito, zimeng'arishwa, soli haijalika hata kidogo. Muuzaji akaniambia mwenyewe alizivaa mara mbili tu kule kwao, na nadhani alisema kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Siku ya pili, kati ya Rangwi na Sunga, soli ya kulia ilianza kupiga makofi. Baada ya saa moja ilibaki kwenye tope nyuma yangu kama ulimi. Ile sponji ngumu iliyo kati ya ngozi na soli ilikuwa imegeuka unga unga. Mzee mmoja aliyekuwa anapalilia alinipa kamba ya katani, maana huu ni mkoa wa Tanga na katani haikosekani, tukaifunga soli kama mzigo wa kuni. Nikafika. Fundi viatu aliyeishona baadaye ndiye aliyenieleza: sponji ya aina ile huliwa na unyevu wa hewa taratibu hata kiatu kikikaa kabatini, kwa hiyo buti la zamani lisilovaliwa ni hatari kuliko lililovaliwa.

Tangu siku hiyo, buti la mtumba ninalikunja kwa nguvu, ninabonyeza ile sponji kwa ukucha wa dole gumba pembeni, na nikiona nyufa ndogo ndogo au alama ya ukucha ikabaki, naaga. Nikilinunua, nalivaa wiki nzima mtaani kabla ya kulipeleka mlimani.

Ukiacha mkasa wangu, buti la ngozi lina sifa zake: linashika kifundo, linazuia miba na mawe, na kama lina utando, miguu inabaki mikavu kwenye umande na manyunyu. Shida ni mvua kubwa. Maji yanaingia kwa juu, kupitia soksi, na yakishaingia hayatoki, unatembea na ndoo mbili. Kulikausha usiku mmoja haiwezekani, na kuliweka karibu na moto ni kuiua ngozi na gundi yake.

Gambuti ndizo wanazovaa wakulima wenyewe, na kwenye tope la shamba hakuna kinachozishinda. Lakini mkulima anakwenda shambani na kurudi. Hatembei kilomita 20 na kitu kwa siku. Kisigino kinacheza ndani, malengelenge yanaota, na kwenye mteremko vidole vinagonga mbele mpaka kucha zinauma. Ndani hamna pa kupitia jasho. Kwa siku moja ya mvua kubwa, sawa. Kwa siku tatu, hapana.

Raba, na ninasema raba yenye meno, ile ya kukimbilia njia za vumbi, siyo ya kuchezea kikapu yenye soli laini kama sahani, hazijidai kuzuia maji. Zinalowa dakika ya tano. Lakini zinayatoa maji kila unapokanyaga, na ukizitoa lile godoro la ndani na kuzijaza magazeti usiku, asubuhi ni unyevunyevu tu. Nyepesi, hazichubui. Kifundo hazikishiki, ndiyo, kwa hiyo mwenye kifundo kilichowahi kuteguka aende na buti. Wengine wote, na shemeji miongoni mwao, raba.

Sharti lake ni soksi. Pea tatu: mbili za kubadilishana njiani, za polista au mchanganyiko wa sufu, na moja ya kulalia ambayo haigusi kiatu hata mbingu zikifunguka. Paka mafuta ya mgando kati ya vidole asubuhi. Ukihisi mahali panawaka, simama hapohapo ubandike plasta. Usiseme "nitabandika tukifika". Jioni makatambuga au yeboyebo, chochote kinachoruhusu miguu kupumua. Na suruali iwe ndefu. Kaptura inapendeza mpaka utakapokanyaga msafara wa siafu.

Begi, na siri ya kilichomo

Lita 30 mpaka 35 zinatosha. Ukinunua begi la lita 60 utalijaza, kwa kuwa begi halipendi kubaki na nafasi.

Swali zito zaidi ni la kuzuia maji. Kava la begi, lile la nailoni linalovalishwa kwa nje, linafanya kazi nusu: mvua inateremka mgongoni mwako, inaingia kupitia upande unaogusana na mwili, kisha inakusanyika chini ndani ya kava lenyewe kama kwenye karai. Kinga ya ndani ni bora mara kumi. Zamani tulitumia rambo, kila nguo na rambo yake. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ile ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na Kenya walitangulia mwaka 2017, kwa hiyo usije na rambo za akiba ulizozificha kabatini. Mbadala upo wa aina mbili. Mfuko maalumu wa kukunja mdomo usiopitisha maji, ambao ni mzuri na una bei yake. Au omba kwa mwenye duka la pembejeo mfuko wa mbolea wenye utando wa ndani, uoshe vizuri sana, uanike, uuweke ndani ya begi kama bitana, kisha ufunge mdomo kwa kuusokota na kamba. Salfeti tupu ya sukari isiyo na utando haifai. Inapitisha maji kwenye mfumo wa nyuzi zake.

Ndani ya bitana hiyo kinakaa kitu kimoja ambacho sijadiliani na mtu yeyote kukihusu: nguo kavu za jioni. Flisi, suruali nyepesi, fulana, soksi zile za kulalia. Ukifika Rangwi umelowa, utazivaa. Asubuhi, hata kama nguo za jana bado mbichi na zinakupa baridi ya kukufanya upige kelele, unazivua zile kavu, unazirudisha kwenye bitana, na unavaa zile mbichi. Dakika kumi za kutembea utakuwa umepata joto. Anayeshindwa asubuhi hiyo moja, usiku wa pili anakuwa hana kikavu.

Kulala, hamna haja ya hema wala mfuko wa kulalia kwenye njia hii. Nyumba za wageni zina mablanketi mazito. Beba shuka lako moja jembamba, inatosha.

Vidogo vidogo

Tochi ya kichwani dhidi ya tochi ya simu: ya kichwani, bila mjadala. Sisi tuko karibu na ikweta, giza linaingia kama pazia, na kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro jioni hutakuwa na muda wa kutafuta njia. Simu ikimulika inamaliza chaji, ikimaliza chaji huna ramani wala wa kumpigia. Ramani ipakue ukiwa Lushoto, usitegemee mtandao msituni.

Fimbo za chuma za kukunja au mkongojo wa mti? Za chuma zinaingia kwenye basi. Mkongojo kijana yeyote Magamba atakuchongea, na kwenye udongo mwekundu vyote vinashika sawasawa. Mimi nachukua mkongojo, nikimaliza nauacha.

Maji: lita mbili, uchemshiwe jioni na mwenyeji wako au utumie vidonge. Vijito vinavyopita kwenye mashamba ya mboga siviamini hata kwa vidonge, kwa kuwa vidonge vinaua vijidudu, dawa ya kupulizia nyanya haviiondoi. Chupa ndogo ya chai ya tangawizi ni uzito ambao sijawahi kuujutia. Chakula, chapati zilizoviringishwa zinashinda mkate, ambao saa nne asubuhi unakuwa umesinyaa kama kitambaa. Viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, tende. Bisikuti ni za watoto utakaowakuta, siyo chakula.

Kama si Usambara

Ulinganisho huu ukiuhamisha mlima mwingine, washindi wanabadilika. Mlima Meru una mita 4,562, na kibanda cha Saddle unapolala kabla ya kwenda kileleni kiko kama mita 3,570. Usiku ule mwavuli ni mzaha, koti zuri ni lazima, glovu na kofia ya sufu ni lazima, na koti la manyoya ya bata nililolikataa hapo juu linapata heshima yake, mradi ulilinde na mvua mpaka ufike. Buti nalo linarudi mbele ya raba, kwa sababu ya changarawe na baridi. Longonot kule Naivasha, mita 2,776, ni kinyume: jua na vumbi, raba, kofia pana, maji lita tatu, na jaketi la upepo kwa ajili ya ukingo wa kreta. Nyandarua, juu kwenye nyasi na vinamasi, ndipo peke yake nilipoona watu wazima wenye akili zao wakipanda na gambuti na nikawaonea wivu.

Shemeji nimemsomea haya yote kwa simu. Mwavuli amekubali, raba amekubali, mfuko wa mbolea ameguna lakini amekubali. Jinzi amekataa kuiacha, anataka picha pale Irente, ukingo wa kutazamia ulio karibu na Lushoto, kabla ya kuanza safari. Tumeafikiana aivae ndani ya kosta, apige picha yake, halafu aiache kwa mwenye nyumba ya wageni Lushoto mpaka atakaporudi.